Marehemu mke wangu hunitajia majina ya watu wote, isipokuwa la mchumba wangu

Mheshimiwa msimamizi wa ukurasa huu, pamoja nanyi wasomaji wote, wakubwa kwa wadogo, nawasalimu kwa heshima na taadhima. Wanaostahili shikamoo yangu waipokee; wanaonipa, marahaba. Naomba radhi kwa kuchelewa. Mliwaomba wasomaji waeleze jinsi wanavyokumbuka majina ya watu, nami nilikusudia kujibu mara moja. Sababu ya kuchelewa mtaiona humu, na nawasihi mnivumilie.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na minne, karani mstaafu wa kiwanda cha pamba, mzaliwa wa Kagera, mkazi wa Igogo hapa Mwanza. Nilisomeshwa na mapadri, waliotufundisha kwamba kusahau jina la mtu ni kumfungia mlango. Hata hivyo, tangu ujana wangu majina hayakai kichwani. Aliyenisitiri ni mke wangu, ambaye hapa nitamwita Paskazia. Tukitoka misani, alikuwa akinitangulia nusu hatua, upande wangu wa kulia, na kusalimia kwa sauti: "Mzee Bujiku, za Mkuyuni?" Nami nyuma yake, kama mtu aliyelijua jina hilo tangu zamani: "Aa, Mzee Bujiku! Habari za siku?" Watu walinisifu kwa kumbukumbu. Paskazia alicheka njia nzima hadi nyumbani.

Alipofariki, miaka minne iliyopita, niligeuka kituko. Kwenye msiba mmoja nilimpa mfiwa pole huku nikimwita kwa jina la nduguye aliyekuwa ndani ya jeneza. Mtu akanong'ona, "Leo mzee kamzika aliye hai." Kwa aibu hiyo nikaamua kujizoeza.

Mbinu yangu ni hii, na huenda ikamfaa mtu. Nikijulishwa kwa mtu mgeni, nalitamka jina lake papo hapo. Kisha nafumba macho kidogo na kumweka Paskazia mbele yangu, na kitenge chake cha bluu, akimsalimia mtu yule kwa jina. Siku nyingine nikimwona mtu huyo, namsubiri Paskazia asalimie, nami nafuata. Ilinifaa kupita nilivyotarajia. Leo naweza kupita Mwaloni, pale Kirumba, nikawasalimu wauza dagaa mmoja mmoja kwa majina yao. Katika jumuiya yetu nimepewa kazi ya kupokea wageni.

Ila sasa simweki tena. Anakuja mwenyewe. Nafika mahali, naye ameshafika. Siku moja sokoni Mkuyuni alimtaja mtu aliyekuwa bado amenipa kisogo, nami nikasalimia kabla ya kumtambua; alipogeuka, kumbe ndiye. Nikifika mlangoni nampisha apite kwanza. Binti yangu aliniona, akaniuliza, "Baba, unampisha nani?" Nikamjibu kwamba kizingiti kina utelezi.

Mwaka huu, kwa baraka za watoto wangu, nimemposa mama mmoja mjane, Msukuma, mwanakwaya, mcheshi na mwenye roho nzuri. Hakujaliwa mtoto, kwa hiyo hakuna wa kumwita Mama Fulani. Kila mtu humwita kwa jina lake la ubatizo. Kila mtu, isipokuwa mimi. Nikimtazama, Paskazia huja, husimama mahali pake, hukaza kitenge kiunoni, asiseme neno. Basi nikawa namwita "mama", na heshima ikanificha, hadi siku aliponiambia: "Mzee, wauza dagaa wote unawajua kwa majina. Mimi mchumba wako unaniita mama, kama unayenunua nyanya kwangu. Au ninyi Wahaya mnakumbuka vyeo tu?" Nilicheka, lakini jasho lilinitoka.

Wiki iliyopita padri alituita tufanye mazoezi ya maagano ya ndoa. Kwetu Wakatoliki mume humtaja kwa jina yule anayempokea, mbele ya Mungu na mashahidi. Nikamshika mkono, nikamtazama machoni, nikatamka waziwazi: Paskazia.

Padri akainamisha kichwa. Mama huyu ndiye aliyetangulia kusema: "Padri, mzee anatuoa wawili. Sawa tu, nyumba ni kubwa." Tukacheka. Lakini tulipofika nje aliniachia mkono.

"Utani umeishia mle ndani," akasema. "Mimi nami nilimzika mume wangu, na mpaka leo namwota. Sijakuomba umfukuze mkeo. Ila siku ile ukinioa kwa jina lake, nitatoka kanisani nirudi kwetu, na usinifuate."

Harusi ni Jumamosi ijayo. Binti yangu ananishauri niliandike jina kwenye kiganja. Kusoma naweza, hata mpita njia angelisoma. Ninachoogopa ni kwamba nikijifunza jina hili bila Paskazia, nitakuwa nimemwambia arudi alikotoka. Nimejaribu mara moja, alasiri, peke yangu sebuleni. Nilipoanza silabi ya kwanza, alianza kugeuka. Miaka yote hii nimekuwa nikimwona mgongo, maana anayekutangulia humwoni uso. Sikuwa nimeuona uso wake tangu tulipofunga jeneza. Nikaliacha jina katikati, ili asiondoke. Hakumaliza kugeuka.

Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Nimpoteze aliye hai kwa ajili ya marehemu ambaye uso wake huenda nisiuone, au nilitamke jina lile hadi mwisho, hata kama baadaye nitabaki nikiita watu hovyo, bila wa kunitangulia? Msinionee haya kwa sababu ya uzee wangu. Niambieni kama mnavyoambiana ninyi kwa ninyi.

Mimi simu ya kuandikia mambo marefu sina. Barua hii ataichukua mchumba wangu mwenyewe, aipeleke dukani ikachapwe na kutumwa kwenu. Bahasha sijaifunga. Nimemwomba aisome kwanza.