Radhi Nilizozifuata Majoreni

Meli ilikuwa imeshafika Mombasa na nafasi yangu ilikuwa tayari, lakini nilikuwa siwezi kupanda. Kwetu pwani ya kusini mtu haendi safari ndefu ya bahari bila kuwaomba radhi wakubwa wake, na mimi mkubwa niliyebakiwa naye ni mmoja tu: Shangazi Mejumaa, dada yake marehemu baba, mama karanga, yaani mkaanga samaki wa kuuza, wa Majoreni. Yeye ndiye aliyenisomesha kwa samaki wa kukaanga, tangu chuoni kwa maalimu wa Kurani mpaka nilipokwenda ng'ambo kusomea miamba. Na yeye ndiye aliyenipigia kwa simu ya jirani akaniambia kuwa safari hii radhi hanipi.

Mimi ni mwanajiolojia wa sakafu ya bahari. Umri wangu wote wa kazi nimekuwa nikiandama tope lililolala chini kabisa ya vilindi, kwa sababu mna madini adimu ndani yake, yale yanayotiwa kwenye simu zetu na kwenye mota za magari ya umeme. Wako wanaotaka kuyachimba hata kesho. Mimi hutaka kwanza kujua yako wapi, yamefikaje huko, na ni viumbe gani wanaoishi juu yake. Safari hii ilikuwa ya mwisho kabla sijastaafu, na mahali tulipokuwa tukienda hapakuwa na mtu aliyewahi kutoa tope hapo. Nilikuwa nimeiomba miaka mingi mpaka wenzangu wakanichoka.

Asubuhi nikavuka Likoni. Kombani tulisimama kushusha abiria wa Kwale, nikanunua korosho. Kona ya Musa niliteremka makusudi nitafute leso, kwa maana mkono mtupu haulambwi. Kijana wa bara aliyeniuzia aliniita "mathe", nami nikamwitikia marahaba ingawa hakuniamkia. Nilichagua leso yenye jina lisemalo bora radhi kuliko mali, nikajiona mjanja.

Baada ya Msambweni njia inatulia, minazi inashika pande zote mbili, na roho yangu nayo hutulia hapo kila mara. Siku hiyo haikutulia.

Majoreni nilimkuta shangazi mbele ya karai lake la mafuta, akigeuza samaki aina ya changu. Nikapiga hodi, nikamwamkia. Aliitikia, akaipokea leso, akaikunjua na kuisoma taratibu.

"Maneno mazuri," akasema. "Lakini jibu langu ni lile lile, mwanangu."

Tulikula kwanza. Kisha akanieleza, wala hakugomba. Baba yangu alipofariki mimi nilikuwa katikati ya bahari, na meli ya utafiti haigeuzwi kwa msiba wa mtu mmoja. Kwetu maiti hangojewi, akazikwa siku ile ile bila mimi. Ndugu wengine walisema maneno, na shangazi ndiye aliyekaa barazani akayapokea yote kwa niaba yangu. Sasa yeye mwenyewe ana presha, na miguu inamvimba.

"Nikifa uko majini," akaniuliza, "watu watauliza mtoto niliyemlea yuko wapi. Nitawajibu nini, na mimi nimeshakufa?"

Nikavuta kibao nikaanza kuwaparua samaki wake wa jioni, kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa msichana. Shangazi akataka kujua hilo tope lina utamu gani hata nisiweze kuliacha. Miaka yote nilikuwa nikimwambia tu kwamba natafuta mawe, na yeye alitosheka. Siku hiyo nilimweleza sawasawa. Nilimwambia kuwa samaki anapokufa kwenye kina kirefu huzama mpaka chini. Nyama huliwa, ikabaki mifupa na meno. Vile vijifupa hukaa pale miaka isiyohesabika, vikinyonya madini yaliyomo ndani ya maji kidogo kidogo, kama ng'onda, samaki wa kukausha, anavyokunywa chumvi. Kwa hiyo utajiri wote ule unaogombewa na mataifa, kwa sehemu kubwa umo ndani ya mifupa ya samaki.

Shangazi aliuweka mwiko chini.

"Kwa hivyo huko kote ulikokuwa ukienda, ulikuwa ukitafuta mifupa ya samaki?"

Nikamwambia ndiyo. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Samaki walikusomesha, na samaki ndio wanaokulisha mpaka leo," akasema. "Na mimi nikidhani umetukimbia."

Baada ya sala ya alasiri aliwaita majirani wawili wawe mashahidi. Ubani ukafukizwa, fatiha ikasomwa. Kisha akanishika mkono na kusema kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Radhi zangu unazo. Na mazishi yangu nimekusamehe. Nikifa nizikwe siku ile ile, usingojewe, na asikulaumu mtu." Majirani wakaitikia kuwa wamesikia. Mimi nililia mbele yao bila haya.

Tulipotoka bandarini, bahari ilinipokea kwa desturi yake. Mimi mtoto wa Majoreni hutapika siku za mwanzo za kila safari, na baharia mmoja wa Vanga aliniuliza kama nina hakika nilizaliwa pwani. Nilijikaza kwa achari ya ndimu niliyofungiwa na shangazi.

Kule kilindini kazi ni ya subira. Unashusha bomba refu la chuma kwa waya tangu alfajiri, na karibu na adhuhuri ndipo linapogusa chini. La kwanza lilirudi tupu, limepinda. Tulikuwa tukitayarisha la pili ulipoingia ujumbe wa jirani yetu, mmoja wa wale mashahidi: shangazi amelazwa, hali si nzuri. Baada ya hapo mawasiliano yakakatika.

Wakati wa msiba wa baba nilijifungia chumbani, sikuweza hata kushika kalamu. Safari hii nilikuwa nimesamehewa mbele ya mashahidi. Nilitawadha, nikamwombea, nikarudi kazini. Bomba la pili lilipanda limejaa tope la hudhurungi, laini kama siagi. Chini ya hadubini nikayaona meno ya samaki, madogo kuliko chembe za mchanga, yakimeta. Nikayaona na mapito ya minyoo, maana huko nako kuna wenyewe. Yote mawili yamo katika taarifa yangu, na nimesisitiza kwamba minyoo hao wasisahauliwe.

Tuliporudi Mombasa nilimtumia jirani ujumbe kuwa nimefika. Hakujibu. Nilipiga simu, haikupatikana. Safari hii sikushuka Kona ya Musa wala popote.

Njiani nilifikiri sana. Kabla ya hapo nilidhani radhi ni ruhusa ya kwenda tu, kumbe ni mzigo ambao mwingine amekubali kukutua. Shangazi alikuwa amenitua mzigo mzito kuliko yote, na ndiyo maana mikono yangu ilikuwa huru kufanya kazi iliyompotezea mtoto wake kwa miaka. Kama Mungu alikuwa amemchukua, nilikuwa na la kushukuru. Nilijiambia hivyo mpaka gari likaingia kijijini.

Mlango ulikuwa wazi. Nikapiga hodi.

Shangazi alikuwa ameketi mkekani, amekonda, miguu ameinyoosha. Jirani yetu alikuwa karaini akikaanga, na simu yake, aliyoizima baada ya kuusoma ujumbe wangu, ilikuwa mbali na mafuta. Mbele ya shangazi kulikuwa na sinia la wali lililofunikwa, halijaguswa. Nilipiga magoti nikamshika mkono, na shikamoo yangu haikumalizika.

"Marahaba," akasema. "Mazishi ndiyo niliyokusamehe, mwanangu. Sikukusamehe kuniweka na njaa. Kanawe mikono tule."