Saa Kubwa na Mkono wa Lalla Shama

Mtu akiingia dukani kwangu, hapa mtaa wa Trankat, Tetuan, kwanza namtazama kifundo cha mkono. Uso baadaye. Mimi ni fundi saa, watu huniita Si Mfadal, yaani Bwana Mfadal, na kwa miaka thelathini na saba nimejifunza kwamba uso hudanganya, kifundo hakijui kudanganya. Ndiyo maana saa kubwa nimezichukia tangu zilipoanza kuingia. Vijana wa Tetuan wana mikono kama vijiti vya mishikaki, lakini wamejifunga saa pana kama kisahani cha chai, kingo zimetokeza huku na huku, na kila wakipita mlangoni zinagonga mbao. Nawauliza, "Wewe umevaa saa, au saa imekuvaa wewe?" Wanacheka, kisha wananunua vilevile. Marehemu mwalimu wangu alinifundisha kwamba uso wa saa usivuke ukingo wa mfupa. Baba yangu alivaa ya milimita thelathini na nne maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumwona amechelewa.

Mkono mmoja tu hapa mtaani ulikuwa na haki ya kuvaa saa yoyote ile, nao ni wa Bibi Shama, au Lalla Shama kama tunavyosema hapa, ambaye hakuvaa saa hata siku moja. Saa gani ingeuvumilia ule mvuke? Lalla Shama alikuwa msuguaji wa hamamu ya wanawake, lile bafu la mvuke la mtaa.

Nilipokuwa na miaka sita, mama yangu alinipeleka kwake. Shama wakati huo alikuwa binti wa miaka kumi na minane, akifanya kazi na mama yake. Alinibana kichwa kati ya magoti, akavaa ile glavu ya kusugulia, akanisugua mpaka uchafu ukanitoka kwa vipande kama tambi. Nililia. "Lia tu," akasema, "machozi nayo yanasafisha." Mwaka uliofuata alinitazama toka juu mpaka chini, akamwambia mama, "Mara nyingine tuletee na baba yake kabisa." Wanawake wakaangua kicheko, na huo ukawa mwisho wangu wa kuingia kwenye joto lile. Mpaka leo nikinusa sabuni nyeusi namkumbuka mama yangu, namkumbuka na Shama, na moyo unaniuma kwa utamu.

Hakuna bibi harusi wa mtaa wetu ambaye hakupita mikononi mwake, wala mzazi aliyetimiza arobaini. Alibeba ndoo mbili kila mkono. Alipoolewa, sonara alilazimika kumtengenezea bangili saba za kipimo cha peke yake, maana za kawaida hazikupita kiganjani. Wanawake wakamtania, "Hizo bangili au pete za pazia?" Asubuhi akipita kwenda kazini ulizisikia bangili zikilia tangu kona ya mwoka mikate, ukajua saa ni ngapi bila kuuliza. Sauti ile siisikii tena na ninaitamani, nisiseme uongo.

Bangili zilimtoka moja moja. Paa la nyumba lilimeza mbili, ugonjwa wa mumewe ukala tatu, na masomo ya Naufal, mwanawe wa pekee, yakachukua ya sita. Ya saba alimpa Naufal mwenyewe siku alipovuka kwenda Uhispania. "Hali ikikubana, uza," alimwambia. Naufal akafika Almeria, akaingia kwenye mabanda ya plastiki kuchuma nyanya, akakaa huko miaka sita bila karatasi za ukaazi.

Lalla Shama alipoacha kazi, mwili ulimwisha taratibu kama kipande cha sabuni. Sisi majirani hatukuliona vizuri. Uso wake ulibaki mviringo, na jalaba, lile joho letu lenye kofia, ina mikono mirefu. Alikuwa na miaka sabini siku alipoingia dukani akaweka boksi juu ya kioo.

"Si Mfadal, nifunge hii. Dereva wa basi la Almeria ameileta jana. Ya Naufal hiyo."

Nikafungua. Ilikuwa saa janja, ile kubwa kuliko zote, na ndani yake ina laini yake ya simu, kwa hiyo haikuhitaji simu nyingine, na Lalla Shama alikuwa na simu ya vibonyezo tu. Naufal alikuwa amekwisha kuiandalia kila kitu. Mama akiivaa, yeye huko Almeria anaona kwenye simu yake mapigo ya moyo, hatua, usingizi, vyote.

Lalla Shama akapandisha mkono wa jalaba. Nilishtuka: mkono ule wa ndoo mbili ulikuwa umebaki mfupa na ngozi.

"Usinikodolee macho," akasema. "Mimi nilikuona uchi, na sikukukodolea hivyo."

Nikamfunga. Uso wa saa ulivuka mfupa pande zote mbili. Nikavuta mkanda hadi tundu la mwisho, bado vidole vyangu vitatu viliingia. Nilipomwachia, saa ikageuka yenyewe ikaenda kuning'inia upande wa chini.

"Huyu mtoto amepima kwa kitu gani?"

"Kwa bangili." Akainamisha macho. "Ameingia dukani na bangili yangu, akajaribu saa moja moja mpaka akapata yenye mkanda wa kuijaza. Hakuiuza, Si Mfadal. Miaka sita, na shida zote zile, hakuiuza."

Lakini ufundi ukanishinda, nikamweleza kwamba bangili hupimwa kwa kiganja, ipite ngumi, haipimwi kwa kifundo. Hata katika nguvu zake za zamani saa ile ingemlegea. "Mwambie airudishe. Ziko ndogo, za milimita arobaini. Na hizo nazo kwako ni pana, lakini zitashika."

"Nikimwambia nataka ndogo, ataniuliza kwa nini."

"Mwambie umepungua."

"Nikimwambia nimepungua, kesho yuko mlangoni. Unamjua. Karatasi zake zinatoka baada ya miezi mitano. Akitoka kabla, mlango unafungwa nyuma yake, miaka sita inakwenda na maji."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua, Lalla."

"Na mfichua maradhi je? Humrudisha mwanawe mikono mitupu. Toboa matundu, acha methali."

Nikatoboa matundu manne. Nikashona kipande cha sufi chini ya mkanda, nikamwonyesha aivae juu ya kifundo, penye nyama, ila nyama yenyewe haikuwepo. Saa za aina hii zina taa ya kijani mgongoni, nayo lazima ilale sawasawa juu ya ngozi. Kwake mwanga ulivuja pembeni kama taa chini ya mlango. Akikaza, uzito unamwachia alama nyeusi. Akilegeza ili maji ya udhu yapite, saa inateleza. Akikanda unga inamshukia vidoleni, akivaa jalaba inanasa kwenye mkono wake. Siku ya tatu alikuja na chubuko na uso umekunjamana. "Nimebeba ndoo miaka arobaini na tano," akasema, "sijapata kubeba kitu kizito kama hiki."

Jumatano Naufal akanipigia mimi.

"Si Mfadal, mama anaivaa ile saa? Huku inasema haijavaliwa, mara imevaliwa, mara imekatika. Ananificha kitu?"

"Anajifunza, mwanangu. Mpe muda."

"Mpaka Jumapili. Nisipouona moyo wake Jumapili, naacha nyanya zao na karatasi zao, naja."

Nilimfikishia maneno hayo. Lalla Shama hakubishana. Alivua saa, akaiweka mbele yangu, akakishika kifundo changu kama mtu anayechagua kondoo sokoni.

"Mkono wako una nyama," akasema. "Vaa wewe."

Nilikataa. Nilikataa mara tatu, na ya nne nikanyoosha mkono. Ikanikaa, wallahi, kama imepimwa kwangu. Haikuvuka mfupa hata kidogo. Niliona aibu mbele ya picha ya mwalimu wangu ukutani.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, baada ya swala, mke wangu nami tulikula kuskusi kwa Lalla Shama, saa ikiwa mkononi mwangu. Naufal akapiga, na sauti yake kwenye simu ya vibonyezo ya mama ilisikika chumba kizima.

"Mama, moyo wako kama wa bondia! Nimefurahi sana. Ila Jumatano jioni ulikuwa unafanya nini? Umepanda mia na thelathini."

Jumatano jioni timu yetu ilifungwa kwa penalti dakika ya tisini. Lalla Shama alinitazama.

"Nilikuwa nafukuza panya."

"Na alfajiri huamki siku hizi? Naona umelala fofofo mpaka saa mbili asubuhi."

Alinitazama tena, na mara hii hata mke wangu alinitazama.

"Shetani," akasema Lalla Shama polepole. "Mnene, ana masharubu. Kesho nitamwamsha kwa mateke."

Basi nikaanza kuamka alfajiri. Baba yangu alishindwa, mke wangu alishindwa, mwadhini alishindwa. Aliyeniweza ni kijana aliye ng'ambo, anayedhani anamtazama mama yake. Niliacha kukaa mkahawani baada ya isha. Nilipunguza hatua, kwa kuwa bibi wa miaka sabini hapandi kilima mara mbili kwa siku. Nikitaka kutawadha naivua, nikimaliza nairudisha, na Naufal akamwambia mama yake kwamba mikato ile mitano ya kila siku inamtuliza, anajua sasa mama ameshika maji, sasa yuko kwenye msala. Aliposema hivyo Lalla Shama aligeuza uso ukutani.

Nami, nakiri, niliizoea. Niliuona muda bila miwani. Sikuichaji kila siku. Sasa akija mtu kuniuliza kama saa kubwa zinafaa kwa mavazi ya kila siku, simjibu kwa haraka kama zamani. Namwambia alete mkono, aniambie na kazi anayofanya. Kuna mkono ambao saa hiyo ni yake, na kuna mkono ambao ni mzigo. Kiburi changu cha milimita thelathini na nne kilikwisha hapo.

Lakini kila Ijumaa mkono wa jalaba ya Lalla Shama ulizidi kuwa mtupu. Alikuwa akimsikiliza mwanawe kwa macho yaliyofumbwa, ameshika simu kwa mikono miwili. Siku moja nilishindwa kuvumilia.

"Lalla, tumwambie. Mimi nitasema."

"Zimebaki wiki ngapi karatasi zitoke?"

"Tatu."

"Wiki tatu si kitu. Nimesubiri sita."

"Sita miaka."

"Basi tatu wiki zitanishinda?" Akatabasamu, na kwa dakika moja nikamwona tena yule binti wa hamamu. Nikanyamaza. Najilaumu kwa hilo kuliko kuivaa saa yenyewe. Nilikuwa mtu mzima, nilikiona kifundo kile kila wiki, na kazi yangu ni kuona vifundo.

Jumatatu iliyofuata, adhuhuri imepita kidogo, Rhimu, jirani yake wa ghorofa ya juu, alikuja dukani bila viatu. Alinivuta mkono. Nilimfuata mbio. Lalla Shama alikuwa amelala kwenye godoro la sebuleni, uso kuelekea dirishani. Jikoni unga wake wa mkate ulikuwa umeumuka hadi ukamwagika nje ya beseni. Nilimgusa mkono, ulikuwa baridi. Niliketi sakafuni nikalia kama nilivyolia siku ile nina miaka sita.

Rhimu alipokuwa akimfunga kidevu kwa kitambaa, nilichukua ile simu ya vibonyezo. Kumpigia mtoto ni kazi ya mwanamume wa karibu, na wa karibu nilikuwa mimi.

"Mama," Naufal akaitika, "leo umenitangulia kupiga."

"Ni mimi, mwanangu. Si Mfadal."

"Si Mfadal? Mbona una simu yake?"

"Jikaze, Naufal. Mama yako, Mungu amemchukua."

Nikasikia akibonyeza simu yake, na aliporudi sauti yake ilikuwa imetulia, kama mtu anayemsahihisha mzee kwa adabu.

"Hapana, Si Mfadal. Mmekosea. Amezimia tu. Nauona hapa, moyo wake unapiga. Tisini na moja. Mwiteni daktari, msikae hivyo. Tisini na nane sasa, unaona? Unapanda."

Nilitazama kifundo changu. Namba ilikuwa ikibadilika mbele ya macho yangu, kubwa, ya kusomeka hata kwa machozi.

"Mia na saba," akasema Naufal, na akaanza kucheka na kulia pamoja. "Yuko hai, Si Mfadal. Mwambie nakuja."

"Mwanangu," nikamwambia, "huo ni moyo wangu."