Nilivyokwenda Kumchunguzia Neema Kazi Nikafanywa Mwenyekiti

Jambo hili nilitaka lifie moyoni, lakini Neema ameshalisimulia kwa nusu ya ukoo, na akilisimulia yeye mimi natoka mjinga kuliko nilivyokuwa, kwa hiyo afadhali mlisikie kwangu.

Neema ni binti wa kaka yangu, anatengeneza aplikesheni za simu, na kwa kuwa nimezunguka sana (Kigoma, Bukoba, Geita, kote nimeishi na kote nimeondoka) huwa ananiuliza mambo ya watu. Alinionyesha tangazo la kazi la kampuni changa ya Nyegezi iliyokuwa inatafuta mtu wa fani yake. Tukalisoma pamoja. Mshahara ni maelewano, mwombaji awe anaweza kila kitu, na sisi hapa ni familia. Neema akasema hilo la familia ndilo linamtisha, maana kampuni aliyotoka, nayo ilikuwa familia mpaka siku ilipofunga mlango bila kuaga, na sasa ana kibarua cha dukani Mkuyuni ambacho hataki kukiacha kwa kubahatisha.

"Ba'mdogo, ukipita huko angalia tu kama ofisi ipo," akaniambia.

Mimi nikalichukulia kama ukoo unavyomtuma mtu akaulizie nyumba ya mchumba kabla binti hajaolewa. Nikavaa koti, nikaenda, nikapanda ngazi.

Mlangoni vijana wawili wakaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, wakanivutia kiti na kuniletea soda. Hapo ndipo ningesema nimetoka kwa nani. Lakini mnajua kwetu mtu mzima haulizwi shida yake kabla hajapumzika, nami nikaona nikae kimya kidogo nitazametazame, na kile kimya wakakijaza wenyewe.

"Mwenyekiti, tunashukuru umeacha shughuli zako za Mwaloni," akasema mmoja, ambaye ndiye mkurugenzi.

Nilipaswa kukataa. Nikasema, "Bila shaka."

Kumbe aplikesheni yao ilikuwa ya kuagizia dagaa, na walikuwa wanamsubiri mwenyekiti wa wauzaji wa soko la Mwaloni, Kirumba, ambaye hawajawahi kumwona, aje kuijaribu. Wakanipa simu iliyounganishwa na skrini kubwa ukutani, kila ninachobonyeza ofisi nzima inakiona, na katika kubonyeza nikaagiza dagaa wa kulisha mkoa. Ili kuficha aibu nikaanza kuwasimulia Mwaloni ya ujana wangu, nilipokuwa nabeba magunia pale na harufu unalala nayo, na kwa kweli nikasahau kilichonileta. Nilipokumbuka nikauliza, "Na fundi wenu wa haya mambo yuko wapi?"

"Aliondoka, mwenyekiti," mkurugenzi akajibu bila kuficha. "Tulimcheleweshea mshahara. Sasa tumepata mteja wa kudumu, hatutaki itokee tena."

Nilikuwa naandaa swali la mkataba mlango ulipofunguka, akaingia mama mmoja anahema.

"Samahanini wanangu, nilikuwa naanua dagaa, mvua inakuja." Akaniona. "Na huyu baba?"

"Huyu ni mwenyekiti," mkurugenzi akasema, sauti ikimpungua.

"Mwenyekiti wa wapi? Maana mimi sijapinduliwa."

Ofisi nzima ikanigeukia. Mkurugenzi akauliza kwa adabu ileile ya mwanzo, "Mzee, samahani, wewe ni nani?"

"Mimi ni baba mdogo wa Neema," nikasema. "Anataka kuomba kazi hapa. Bado hajaomba."

Yule mama akatafuta kiti ili acheke vizuri. "Kumbe mwenzetu amekuja kuulizia ukoo wa bwana harusi. Haya vijana, mwambieni mna ng'ombe wangapi."

Nilishuka zile ngazi najiona nimemharibia mtoto wa watu. Nyumbani nikamweleza Neema yote, pamoja na habari ya mshahara, nikitumaini hiyo itaniokoa.

"Hiyo ya mshahara niliwapigia simu jana nikawauliza," akasema. "Wakanijibu hivyohivyo."

"Sasa mimi ulinituma nini?"

"Nilikuambia uangalie kama ofisi ipo."

"Ipo," nikasema.

Aliomba, akadai mkataba wa maandishi kwanza, wakampa. Kwenye usaili wakamuuliza kama mwenyekiti naye atakuja kutia saini, akawaahidi kwamba hapana. Na mimi nimeapa kuwa popote nitakapoingia, hata kwa kinyozi, sikai wala sipokei soda kabla sijasema mimi ni nani na nani amenituma.