Kamati Niliyoiandikia Hukumu

Mimi si mwizi mkubwa. Nimewahi kuiba chaki, kuku mmoja wa jirani pale Mwankoko (tulimrudisha, ila alikuwa amechoka sana), na hesabu moja. Nataka kusimulia ya hesabu, maana kuku alishasamehe.

Mwenye hesabu ni jamaa ninayekaa naye dawati moja, kidato cha tano, mwanafunzi wa bweni kutoka Mgori. Mpole huyo, hadi ukimkanyaga mguu yeye ndiye anakuomba radhi. Likizo fupi alikuwa kwao, analinda mtama usiliwe na ndege. Katikati ya shamba lao kuna jabali kubwa. Kwa kuwa daftari huisha na jabali haliishi, akawa anafanyia hesabu zake juu ya jiwe kwa mkaa, ndege wakija anarusha kokoto, wakiondoka anaendelea. Hapo ndipo alipopata njia yake: ile hesabu ya kuintegreti inayokula kurasa mbili, yeye anachora jedwali lenye safu mbili, kushoto anashuka hadi sifuri, kulia anapanda, kisha anazidisha mshazari, jumlisha, toa, jumlisha, toa. Mistari sita, kwisha.

Aliporudi shule alinionyesha mimi peke yangu. "Usimwambie mtu kwanza, kaka," alisema.

Sikumwambia mtu. Nilisubiri tu mwalimu wa hesabu aulize swali la aina hiyo, darasa likanywea, nikatembea hadi ubaoni kwa madaha, nikachora jedwali.

"Umeitoa wapi hii?" mwalimu akauliza.

"Kichwani, mwalimu."

Naapa ulikuwa mzaha. Nilitaka wacheke, kisha niseme ni ya nani. Lakini mwalimu akasema shule inapeleka mtu mmoja mashindano ya hesabu Dodoma, na leo amempata. Mzaha ukanikauka mdomoni. Nyuma, sauti ikasema, "Mwalimu, hiyo ni yangu."

Mwalimu wetu anapenda ugomvi kuliko chai. Akafunga kitabu, akatusimulia Mwingereza mmoja na Mjerumani mmoja wa zamani waliogombania nani alianzisha kalkulasi. Mwingereza aliipata mapema, akaificha kama mbegu. Mjerumani akaipata kivyake, akaitangaza. Mwingereza akasema, mwizi huyo! Ikaundwa kamati ya wasomi, na ripoti ikasema Mwingereza ndiye mwenye haki. "Na ripoti mnajua aliiandika nani? Mwingereza mwenyewe!" Tulicheka hadi madawati yakalia. "Basi na nyie undeni kamati yenu. Kesho mniletee jibu. Atakayeshinda ndiye anakwenda Dodoma."

Kamati ilikuwa na watu watatu, na kamati lazima iwe na katibu. Mwandiko mzuri darasani ni wangu. Wakanichagua mimi. Mnacheka? Na sisi tulicheka, kisha tukaendelea hivyo hivyo.

Hukumu niliiandika saa ya chai, kabla kikao hakijakaa, nikaacha nafasi ya sahihi.

"Ushahidi wako uko wapi?" nikamuuliza jamaa yangu kikao kilipoanza.

"Nyumbani. Niliandika kwenye jiwe."

"Na likizo mvua ilinyesha, haikunyesha?"

"Ilinyesha."

"Waheshimiwa, shahidi ni jiwe, na limeshaoga." Darasa likaanguka. "Tutaliapisha kwa kitabu gani? Tulilete na trekta?"

Akaanza kujieleza haraka, na akiharakisha Kiswahili humkimbia, Kinyaturu kinaingia. Nyumbani kwetu nacho tunakiongea. Bibi yangu hana lugha nyingine. Nikagonga meza. "Kamati inasikiliza Kiswahili tu, ndugu." Hapo walicheka kuliko mara zote zilizotangulia. Akakaa chini, akatazama mikono yake.

Mjumbe mmoja hakucheka. Ni binti wa Kihindi, baba yake ana duka la vitambaa mjini. Akasema, "Muwaulize wote wawili kwa nini alama zinapokezana, jumlisha kisha toa. Mwenye hesabu atajua."

Mwenzangu wa dawati alinyanyua kichwa. Anajua. Mimi sikujua, na mpaka leo sijui vizuri.

"Muda umekwisha," nikasema. "Swali hilo halimo kwenye ajenda."

"Ajenda umeandika wewe," akasema binti.

"Ndiyo maana nasema halimo."

Wawili walisaini. Binti alikataa, lakini wawili ni wengi kuliko mmoja, hiyo hesabu hata mimi naiweza. Mwalimu akasoma, akasifu lugha, akaandika jina langu.

Dodoma nilikaa kwenye ukumbi wenye wanafunzi wa shule nyingi. Kushoto kwangu mtu anachora jedwali. Kulia kwangu mtu anachora jedwali. Walilifahamu wote, walifundishwa, limo vitabuni tangu zamani. Sikushinda chochote, nilikula wali kuku nikarudi.

Jamaa yangu alikuwa ananisubiri getini. Hakuuliza nimeshika namba ngapi. Aliuliza, "Waliionaje?"

Ningeweza kumwambia kwamba alichokipata peke yake, katikati ya mtama, na ndege juu ya kichwa, wenzetu walihitaji kitabu na mwalimu. Maneno hayo nilikuwa nayo, yamepangika.

"Imo vitabuni, mwanangu," nikasema. "Hujavumbua kitu. Hata jiwe lenu lilikudanganya."

Asubuhi yake nilipoingia darasani alisimama wima, mikono nyuma, kama anavyosimama mtu mbele ya babu. "Shikamoo," akaniambia. Tumezaliwa mwaka mmoja. Darasa likapasuka kwa kicheko, na mimi, nikiwa mimi, nikaitikia kwa sauti nzito, "Marahaba, mjukuu."

Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Hasemi neno jingine kwangu, si kalamu, si daftari, ni hilo tu, kisha anakaa upande wake wa dawati. Hii ni wiki ya tatu. Siku hizi hakuna anayecheka. Wanageuka kunitazama mimi. Nami naitikia, kwa sababu kwetu shikamoo haiachwi ikaning'inia, hata kama unayepewa unajua ni ya nini.