Kisima Kilichonuka Muhogo

Sisi huku Makere ugali wetu ni wa muhogo uliolowekwa mpaka ukalainika na kunuka. Mgeni akipita karibu na kidimbwi cha kulowekea huziba pua. Sisi huanza kusikia njaa. Shule sikukaa sana, lakini harufu hiyo naisoma vizuri.

Kidimbwi cha mke wangu kiko bondeni, maji yake huchimbuka yenyewe. Kiangazi kilichopita shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tumbo moja, na tangu utoto hawajakubaliana hata juu ya chumvi, alichimba kisima jirani na hapo, akafunga pampu ya sola kumwagilia nyanya. Nyanya zenyewe nisizisifie, nitasahau ninachosema. Pampu ikinguruma, kidimbwi kinashuka. Muhogo ukabaki juani, nusu mgumu nusu laini, na ndani hatukuwa na kingine cha kusaga.

"Kaka, unaninywea maji," mke wangu akamwambia.

"Yako yako juu, yangu nimeyafuata chini kabisa. Yanajuana wapi?"

Kamati ya watumia maji ikaita kikao pale pale bondeni. Afisa wa maji akaja na bodaboda, mtu wa pwani, mpole, amevaa viatu vyeupe. Kwa vumbi letu hili! Akaeleza kuwa kisima cha pampu kinataka kibali, na maji ya ardhini ni ya wote. Shemeji akasimama kwa hasira.

"Na mimi nina malalamiko! Tangu nianze kupampu, maji yangu yananuka muhogo. Kuna mtu ananimwagia uchafu kisimani!"

"Si umekifunga kwa kufuli?" mke wangu akauliza, mpole kama mkwe mpya.

"Kufuli kubwa! Ufunguo natembea nao."

"Basi muhogo wangu umepita wapi, kaka?"

Kikao kizima kikaangua kicheko. Afisa hakuelewa mpaka alipoletewa kidumu cha maji ya kisima anuse. Alirudi nyuma hatua mbili, viatu vikaingia kwenye matope ya nyanya zilizomwagiliwa.

Ikaamuliwa shemeji afuate kibali, na apampu asubuhi tu mpaka kidimbwi kirudi; na mke wangu, muhogo ukishaiva, akahamishie kidimbwi chini zaidi, mbali na kisima. Wote wawili walinuna, nikajua uamuzi ni wa haki.

Maji yalirudi, muhogo ukaiva, ukaanikwa, ukasagwa. Siku ya ugali wa kwanza shemeji alifika kwetu, eti anakagua kidimbwi. Alinawa mikono kabla hajakaribishwa.