Msichana Aliyebaki Ndani ya Piano

Tik. Televisheni ikafumba jicho, na kwenye kioo cheusi nikajiona mwenyewe, mdomo wazi kama kuku mwenye kiu. Nyuma yangu harufu ya petroli ya jenereta na kicheko cha Hamisi. Ndiyo, namtaja jina. Ni Hamisi aliyezima ile filamu, wimbo wa mwisho haujaimbwa.

Mpaka leo, jenereta ikizimwa ghafla hapa mtaani kwetu Biryogo, nasimama njiani nikiusubiri ule wimbo.

Hamisi alikuwa kijana mwenye chumba cha video, benchi za mbao na mapazia ya gunia. Kando ya televisheni alisimama Baba Aziza na fimbo yake. Kazi yake kutueleza filamu: wazungu wakisema, yeye anageuza kwa Kiswahili, na asipojua anatunga. Filamu za karate zilimfaa. "Anamwambia, leo utalala na viatu." Basi, watu wameelewa.

Ijumaa moja baada ya swala, Hamisi akaweka mkanda alioazima kwa mtu wa Bujumbura. Tarishi mwenye mabawa ya bati anamtafuta msichana aliyefungiwa ndani ya piano. Masista wanapiga gitaa za umeme juu ya baiskeli. Hakimu anahukumu akiwa kwenye beseni la povu. Na hakuna anayesema neno. Wote wanaimba, hata mbwa.

Baba Aziza akasubiri waseme ili afasiri. Wapi. Jasho likamtoka. Watu wakaanza maneno: hii iko filamu ao harusi ya wendawazimu? Fundi viatu mmoja akatoa hukumu kwamba mwenye sauti humo ni mbwa peke yake. Wengine wakadai karate yao. Ndipo Baba Aziza akakohoa, akafumba macho, akaanza kufasiri kwa kuimba, kwa mahadhi ya nyimbo zetu za harusi.

Mama yangu, mjane, alikuwa akishona nguo ng'ambo ya njia. Aliingia kunitoa kwa sikio, pini bado mdomoni. Akamkuta Baba Aziza, mwanaume mwenye ndevu, anaimba sauti nyembamba ya msichana. Sikio langu likaachiwa. Mama akaketi. Punde akaanza kuitikia, benchi zikamfuata, vigelegele juu, na wale wa karate ndio waliopiga mbao kwa viganja kuliko wote. Nimeona harusi nyingi tangu hapo. Kama ile haijapatikana.

Tarishi alipofika kwenye mlango wa ile piano, Baba Aziza akaacha kutazama kioo. Akamgeukia mama, akaimba, "Utatoka, bibi, ao nirudi na mabawa yangu?"

Mama akatoa pini mdomoni. "Tuone mwisho kwanza, Baba Aziza. Ukifika mwisho ndipo nitakujibu."

Chumba kizima kikacheka. Mimi nikacheka zaidi, nikidhani wanabishana juu ya filamu.

Na Hamisi, kuona hakuna anayemsikiliza kwenye chumba chake mwenyewe, akazima. "Karate," akasema. Kesho yake akajisifu kwamba ameutazama mwisho peke yake asubuhi, na mkanda umesharudi Bujumbura. Baba Aziza aliona haya kuuliza tena. Mama naye alikuwa ameahidi mbele za watu kwamba hajibu kabla ya mwisho.

Vikaja vita vile mnavyovijua, jirani akimwinda jirani. Mimi nilibaki hai, mama na Baba Aziza hawakubaki. Darini nilikojificha sikuwa na kazi ila kukumbuka, na huko ndiko nilikoelewa: Baba Aziza siku ile hakuwa akifasiri. Alikuwa akimposa mama yangu. Mtanisamehe, lakini nilicheka humo gizani, kitenge nimekiuma kwa meno.

Hamisi yuko hai, anauza vitambaa sokoni Kimironko. Juzi nimemuuliza ule mwisho wa filamu, akacheka: "Dada, bado tu?"

Bado, Hamisi. Waliokuwa kwenye zile benchi siwezi tena kuwauliza, na mwisho uliuona wewe peke yako. Acha kupima kitambaa, nitazame, unijibu: yule msichana alitoka, ao hakutoka?