Kilima Tulichokifagia

Mama yangu ana jambo moja tu analolitaka kabla hajafa: kilima alikozikwa babu yake kisichimbwe jasi. Babu huyo alinyongwa na Wajerumani wakati wa Maji Maji. Ndugu zake wakamshusha kambani, wakamzika kilimani pamoja na wenzake. Kuandika majina hawakuthubutu. Juu ya kila kaburi walifunika chungu kilichotobolewa, kama tunavyowafanyia marehemu wetu, wakaondoka. Mama alikijua chungu cha babu yake tangu utotoni.

Mwekezaji alipokuja na karatasi zake, tukaunda kikundi, Waislamu na Wakatoliki pamoja, maana kitanzi hakikumuuliza mtu dini. Tukawa tunakutana nyuma ya soko la Kiranjeranje. Tulizungushwa ofisi hadi ofisi, njoo kesho, njoo kesho kutwa. Karani mmoja aliniambia nijifunze adabu. Nikamwambia yangu imezikwa kule kilimani, aende akaifukue mwenyewe. Hatimaye tukajibiwa: wataalamu wa mambo ya kale watakuja kukagua, wakiyaona makaburi kwa macho yao kilima kitahifadhiwa.

Hapo ndipo tulipojimaliza. Kwetu mgeni hapokelewi penye majani. Mimi nilikwenda Lindi kuwachukua wageni, na huku nyuma kijiji kikapanda kilimani na majembe, mafyekeo na mafagio. Wakafyeka, wakachoma moto, wakazoa vyungu vibovu wakavitupa korongoni, maana mgeni utamwonyeshaje takataka? Wengi wao walikuwa vijana, hakuna aliyewahi kuwaambia vile vyungu ni nini. Mama alikuwa chini nyumbani, anapika wali wa wageni. Alisikia nyimbo za kazi zikitoka kule juu, akamshukuru Mungu.

Tulipofika, kilima kilikuwa cheupe kama kiwanja cha mpira. Akina mama wakatupigia vigelegele. Mkubwa wa wale wataalamu akazunguka, akarudi, akauliza kwa upole kabisa, "Makaburi yako wapi?"

"Si ndiyo haya, mkuu," mwenyekiti wetu akasema, anatabasamu. "Tumewasafishia."

Yule bwana akaandika alichoandika. Wakala wali, wakashukuru, wakaondoka zao.

Kesho yake asubuhi tuliteremka korongoni na mama, tumemshika mkono. Vigae vitupu, vimechanganyika na majivu. Alivigeuzageuza mpaka jua likawa kali, kisha akasema twendeni. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Siku hizi malori ya jasi yanapita mlangoni kwetu. Baadhi ya wanakikundi wameajiriwa kupakia, na sina ubavu wa kuwasema, watoto wao watakula hotuba zangu? Nikiitisha kikao tunakuja watatu, tunatazamana, tunaagana. Nina hasira, tena kali, ila sijui nimpelekee nani. Wale waliofagia walifagia kwa mapenzi.

Wiki iliyopita nilimwambia mama nataka kwenda Dodoma. Kama kilima kimeshatushinda, basi tuombe japo mifupa ya babu tuihamishe kabla mitambo haijafika upande ule. Mama alikuwa barazani anachambua kunde. Hakuinua kichwa.

"Wakikuuliza yupi ni wetu, mwanangu, utawaonyesha yupi?"

Nikavuta kigoda, nikamsaidia kuchambua mpaka zikaisha.